Maswali ya Wasomaji: Kamera, Utumishi wa Ugenini na Imani Iliyobadilika Sura

SWALI

Baba, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni binti wa miaka 22, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa upigaji picha katika chuo kimoja cha Kikristo nchini Marekani. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, mpaka nilipofikisha miaka 9, familia yetu ilipopata nafasi ya kuhamia Kentucky. Nyumbani tunasema Kiswahili, na jarida lenu mama hulisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, hasa ukurasa huu.

Mwaka jana nilirudi Nakivale kutumika kwa miezi minne pamoja na wanafunzi wenzangu sita, tukiwa chini ya uangalizi wa kanisa moja la pale. Wenzangu walifundisha Kiingereza na kusaidia katika darasa la ushonaji. Mimi nilitakiwa kupiga picha za huduma yote ili kanisa letu la Marekani, lililonichangia nauli, lione sadaka yake imefanya nini. Niliondoka nikiwa na moto. Nilikuwa nimesimama madhabahuni nikasema kwamba Mungu ananirudisha kwa watu wangu, na kanisa zima likapiga makofi.

Wiki ya tatu kiongozi wetu aliniomba picha za foleni ya mgao wa chakula. Nilimlenga mama mmoja aliyeketi juu ya gunia tupu akiwa na mtoto mgongoni. Akajifunika uso kwa kitenge. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Wewe ni mtoto wa nani?" Nilipomtajia jina la marehemu bibi yangu akafunua uso, akasema kwamba waliwahi kupanga foleni hiyo pamoja na kwamba bibi alikuwa akimgawia chumvi. Halafu akaongeza, "Na wewe, mtoto wa kwetu, umetoka Amerika kuja kupiga picha njaa yetu?"

Niliirudisha kamera begini, na kwa karibu wiki mbili sikuitoa. Nikawa nachota maji, namenya mihogo, na kila alfajiri nakwenda kusali na kina mama wazee wa kanisa. Hawakuwa wakiomba kama sisi. Walimlalamikia Mungu waziwazi, wakamtajia waliouawa na vijiji walivyoviacha, kisha wakaimba wimbo mmoja na kwenda shambani. Mimi nilikaa pale nikiwa sina la kusema. Maombi yangu ya zamani, yenye machozi na furaha, yalikauka, na hadi leo hayajarudi. Baadaye nilianza tena kupiga picha, lakini chache, na kwa kuomba ruhusa.

Sasa kanisa linataka nitoe ushuhuda na kuonyesha picha 20, na walimu wangu wanasubiri kazi ya mwisho wa mwaka. Naomba uniambie: imani yangu imekua au imepoa? Je, nilikosea kuiweka kamera chini wakati ndiyo niliyotumwa kuitumia? Na nionyeshe nini?

Binti wa Nakivale, Kentucky

JIBU

Binti yangu, asifiwe milele. Msalimie sana mama, lakini jibu hili ulisome kwanza peke yako, kwa sababu yamo mambo ambayo nisingependa uyasikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu, hata kama watu hao ni wa nyumbani.

Swali lako la kwanza ndilo nitakalolikalia zaidi, maana mengine mawili yanalitegemea. Unapouliza kama imani imekua au imepoa, naona kipimo ulichoshika mkononi ni kile ulichoondoka nacho: machozi, furaha, na moto uliokuwa nao siku ile ya madhabahuni. Sividharau. Wengi wetu tuliingizwa mlangoni na machozi kama hayo. Ila nakuomba ufungue Mwanzo sura ya 16, uisome polepole kama mtu anayekagua picha, ukitazama nani anamwita nani kwa jina gani.

Katika sura hiyo Sarai na Abramu wanamzungumzia Hajiri mara kadhaa, na kila mara wanamwita mjakazi. Hakuna mahali ambapo mmoja wao anasikika akilitamka jina lake. Anateswa, anakimbia akiwa mjamzito, anafika kwenye chemchemi ya maji iliyo katika njia ya kwenda Shuri. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza anaitwa Hajiri, na anayemwita ni malaika wa Bwana, ambaye mara moja anamwuliza swali: unatoka wapi, nawe unakwenda wapi? Anajibu. Anaambiwa kwamba kilio cha mateso yake kimesikiwa. Ni baada ya yote hayo, yaani baada ya kuitwa kwa jina, kuulizwa, kujibu na kusikilizwa, ndipo mwanamke yule mkimbizi anapomwita Mungu kuwa ni Mungu amwonaye. Kuona kunatajwa mwisho.

Wewe, kama wapiga picha wengi na kama mimi nilipokuwa na umri wako, ulianza na kuona. Ulimwona mama juu ya gunia tupu, mwanga ukiwa mzuri, mtoto mgongoni, na kidole chako kikajua kazi yake kabla moyo haujaulizwa. Naye akakurudisha kwenye utaratibu wa chemchemi ile: akakuuliza unakotoka. Katika desturi zetu "wewe ni mtoto wa nani?" ni swali zito, kwa kuwa anayelijibu anaingia katika ukoo, na akishaingia ana wajibu kwa watu. Tangu ulipotaja jina la bibi yako hukuwa tena mgeni mwenye kamera. Ulikuwa mjukuu wa mwanamke aliyegawa chumvi, na mjukuu wa mtu huyo hawezi kufanya mambo ambayo mgeni angesamehewa kuyafanya.

Ndiyo maana sishangai kwamba maombi yako yalikauka siku zilizofuata. Uliondoka Kentucky ukiwa na maneno ya mtu anayewaendea wengine, ukafika mahali ambapo maneno hayo hayakutosha, na ukaketi kila alfajiri miongoni mwa watu ambao wana kila sababu ya kumwacha Mungu na bado wanamjia, wakiwa na malalamiko yao mikononi. Maombi ya namna hiyo yamo ndani ya Biblia tangu zamani. Soma Zaburi ya 88, ambayo haiishii kwenye shangwe kama nyingine. Mstari wake wa mwisho unaishia gizani, na bado Israeli waliiimba ibadani. Makanisa yetu ya vyombo na taa, huko na huku, yamewafundisha vijana Zaburi za sifa tu, kwa hiyo siku kijana anapokutana na maombolezo anadhani amepotea njia. Wale kina mama walikuwa wakisali Zaburi ya 88 bila kufungua kitabu, na wewe ukakaa nao kimya kwa karibu wiki mbili. Hukulala, hukutafuta sababu ya kubaki nyumbani, hukujifanya unalia. Mtu ambaye imani yake imepoa haamki alfajiri kwenda mahali asipokuwa na la kusema.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba imani yako imekua, na imekua kwa njia ambayo haipendezi kuisimulia. Lakini nina hofu moja, nami nitaisema kwa kuwa nimeona vijana wengi wakirudi kutoka utumishi wa ugenini. Hatari yako haiko Nakivale, iko Kentucky. Utamsikia dada fulani kanisani akimshukuru Mungu kwa kupata nafasi ya kuegesha gari, utamkumbuka mama wa gunia, na moyo utakuwa mchungu. Uchungu huo ukikaa muda mrefu utakupoza kweli, na utaufanya ujuzi ulioupata kuwa fimbo ya kuwachapia waliokuchangia nauli. Walitoa walichokuwa nacho. Tafuta badala yake kina mama wa Kikongo walio karibu nawe, maana sina shaka wapo, na maombi yao ya alfajiri wanayo. Kaa nao kama ulivyokaa na wale wa Nakivale, hata kama utakaa mwaka mzima bila kufungua kinywa.

Sasa kuhusu kamera. Hukukosea kuiweka chini, na ungekosea kama usingeiinua tena. Nakuandikia hivi kwa sababu ya historia ya nchi yenu yenyewe.

Mwaka 1898 mmisionari Mwingereza, Alice Seeley Harris, alikwenda Kongo na mume wake kutumika. Wakati huo Kongo nzima ilikuwa kama mali binafsi ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, na vijiji vililazimishwa kuleta utomvu wa mpira wa msituni kwa kipimo kilichowekwa na makampuni. Waliopungukiwa walipigwa, wake zao walishikwa mateka, wengi waliuawa au kukatwa viungo. Mwezi Mei 1904, katika kituo cha Baringa, mbali sana na Uvira, mwanamume aitwaye Nsala alikuja kwenye misheni akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake Boali, mtoto wa miaka kama mitano, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Alice alimwomba aketi kwenye baraza, akapiga picha. Baba ameketi, ameinamisha macho, anatazama vipande viwili vidogo vilivyobaki vya mtoto wake. Picha hiyo na nyingine zilionyeshwa Uingereza na Marekani, makanisani na katika kumbi, kwa taa ya kurushia picha ukutani, na zikawa miongoni mwa vitu vilivyofanya isiwezekane tena kukana yaliyokuwa yakitendeka, hadi mwaka 1908 Leopold alipolazimika kuikabidhi Kongo kwa dola ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, na mikutano ile ya taa mara nyingi ilimwonyesha Mwafrika kama mtu asiye na lingine ila kuteswa na kuokolewa. Hilo nalo lisemwe. Lakini bila kamera ya mwanamke yule, Leopold angeendelea kusema kwamba ni uzushi.

Tazama tofauti kati ya baraza ile na foleni yako. Alice alikuwa ameishi Kongo miaka kadhaa kabla ya siku hiyo. Nsala ndiye aliyebeba kifurushi, akatembea, akakifungua mbele ya watu ili kionekane. Alikuwa na shtaka, akatafuta shahidi. Na hadi leo, zaidi ya miaka 120 baadaye, mimi na wewe tunalijua jina lake na jina la mtoto wake. Yule mama wa Nakivale hakuwa amekuletea kitu chochote. Alikuwa amekaa akisubiri unga, na shtaka lililokuwa likitafutiwa ushahidi lilikuwa la kanisa lililotaka kujua sadaka yake imefika wapi.

Nilikuahidi moyoni, tangu nilipoanza kuisoma barua yako, kwamba nitakueleza la kwangu. Nilipokuwa kijana nilipiga picha kwa ajili ya kanisa kwa miaka mingi, enzi za mikanda na chumba cha giza. Siku moja katika zahanati ya misheni nilimpiga picha mtoto aliyevimba tumbo, mama yake akiwa amekwenda kuchota maji. Sikumngoja. Picha ikatoka vizuri, ikapelekwa ng'ambo, ikarudi ikiwa kwenye kalenda ya ukutani, na chini yake pameandikwa maneno ya jumla juu ya watoto wagonjwa wa Afrika. Baada ya kama miaka miwili mama yule aliingia katika ofisi ya usharika kwa shida nyingine kabisa, akaiona kalenda. Mtoto alikuwa amekwisha kufariki, na hakuwahi kuwa na picha yake hata moja. Hakudai fedha wala hakupiga kelele. Aliuliza kama pale chini hapakuwa na nafasi ya kuandika jina lake. Nilitafuta negativu siku tatu, nikaipata, nikasafisha picha moja, nikakata sehemu ya tumbo ikabaki sura tu, nikampelekea kwa miguu. Tangu siku hiyo sijawahi kupiga picha ya mtoto bila kumngoja mama arudi kutoka mtoni.

Nimekusimulia hayo kwa sababu una kishawishi ambacho wenzako sita hawakuwa nacho. Wewe ni wa pale, na ni rahisi kudhani kwamba kuzaliwa miongoni mwa watu ni ruhusa. Si ruhusa. Ni deni kubwa zaidi, kama mama yule alivyokufahamisha.

Kuhusu la kuonyesha, nitakuwa mfupi. Usionyeshe picha yoyote ya foleni, hata kama sura zimefunikwa. Usionyeshe sura za watu waliokimbia vita pamoja na majina yao na mahali wanapoishi. Wapo wanaotafutwa hadi leo na wale ambao wao waliwakimbia, na picha ikishawekwa mtandaoni hairudi. Kamera na simu nyingi huandika mahali na saa ndani ya picha yenyewe, kwa hiyo futa taarifa hizo kabla hujampa mtu yeyote nakala. Jina liandikwe pale mwenyewe alipokubali liandikwe, na pale ambapo jina ni hatari, andika jambo analolifanya na alilokuambia, ili asibaki kuwa mkimbizi tu.

Picha 20 ni nyingi mno. Chagua 5 au 6 kati ya zile ulizopiga baada ya zile wiki mbili, za watu waliosimama wenyewe, waliovaa walivyotaka kuvaa, waliokutazama. Kisha simama mbele ya kanisa useme ukweli wote: kwamba ulitumwa kupiga picha za njaa, kwamba mama mmoja alikuuliza wewe ni mtoto wa nani, na kwamba picha yake huna. Simulia habari ya chumvi. Waambie pia kwamba maombi yako yamekauka na uwaombe wakuombee, jambo ambalo nadhani litakuwa gumu kwako kuliko kuonyesha picha. Kama wako watakaovunjika moyo kwa kukosa walichotarajia, wavumilie. Ulihitaji wiki kadhaa na swali la mama mmoja kuyaona haya, nao wanahitaji muda.

Walimu wako wape picha hizo hizo, na uziandikie ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini foleni haimo. Mwalimu mzuri wa picha atausoma ukurasa huo kwa makini kama anavyotazama picha zenyewe.

Jambo la mwisho kwako ni hili: kila uliyempiga picha apate yake, iliyochapishwa kwenye karatasi, mkononi. Tuma mafaili kwa mchungaji wa kanisa lililowapokea, pamoja na fedha za kusafishia, na orodha ya nani apewe ipi. Na mama yule wa gunia, ambaye hana picha, mwandikie barua. Mtaje bibi yako ndani yake.

SWALI

Mwandishi wa ukurasa huu, tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni katekista mkoani Kigoma. Karibu kila mwaka parokia yetu hupokea vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani, na sasa hata kutoka Nairobi na Dar es Salaam, na siku hizi hakosekani mmoja mwenye kamera kubwa anayejifunza upigaji picha. Ni vijana wazuri, wanasali, wanacheza na watoto. Lakini wanapiga picha kila kitu, hadi msibani, na wakiondoka hatuoni hata picha moja. Watoto wetu wananiuliza, "Picha yangu iko wapi?" Nikiwakataza naambiwa ninazuia utume. Nifanyeje?

Katekista, Kigoma

JIBU

Milele amina. Ndugu yangu katekista, huzuii utume. Hao vijana wametumwa kwenu ili wakue, na nyinyi ndio mliokabidhiwa kuwakuza. Mwenyeji anayenyamaza kwa kuogopa kuonekana hana ukarimu anamnyima mgeni wake funzo ambalo hatalipata darasani. Mwandishi wa barua iliyotangulia alikua kwa sababu mama mmoja alimkataza.

Wala hutakuwa wa kwanza kuweka masharti. Mwezi Oktoba 1984 Mkenya Mohamed Amin alipiga picha za njaa kule Korem, Ethiopia, na dunia ikashtuka, misaada ikamiminika, maisha ya watu yakaokolewa. Hata hivyo mfululizo wa picha za aina hiyo uliofuata uliwafanya wengi waamini kwamba Afrika yote ni mtoto mwenye njaa anayengoja mkono wa mgeni, na mwaka 1989 mashirika ya misaada ya Ulaya yenyewe yakakubaliana mwongozo wa maadili kuhusu picha wanazotumia, wakihimizana kulinda utu wa wanaopigwa picha. Sheria nazo zipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019, na sura ya mtu ni taarifa yake. Ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi.

Kaa na paroko na baraza la walei, mwandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni. Mimi ningeweka humo kwamba mgeni asitoe kamera wiki mbili za kwanza. Kwamba msibani, zahanati na mahali pa kugawia msaada kamera isifike kabisa isipokuwa familia imeita. Kwamba picha ya mtoto iombwe kwa mzazi na si kwa mtoto. Na kwamba kabla hajapanda basi aache nakala ya picha zote katika kompyuta ya parokia pamoja na fedha za kuchapa walau moja kwa kila familia aliyoipiga. Asiyekubali atumike kwa jembe na chaki kama wenzake.

Kisha, na hili ndilo ningelipa uzito zaidi, mpe kila mpiga picha mzee mmoja wa jumuiya ndogo ndogo atembee naye. Amfundishe kusalimia kwa Kiha, amtambulishe nyumba kwa nyumba, na jioni waangalie pamoja picha za siku hiyo kwenye kioo cha kamera. Mzee ataona ambayo kijana hakuyaona: huyu amevaa sare ya marehemu, huyu hajaelewana na nduguye usimweke karibu naye, nyumba hii usiipige leo kwa kuwa wana matanga. Mafungo mangapi yangemfundisha kijana kiasi hicho juu ya jirani yake?

SWALI

Shikamoo mzee. Nasoma upigaji picha Mwanza, na nimepata nafasi ya kutumika miezi mitatu na kanisa moja huko Zomba, Malawi. Naogopa kamera itanimeza nisipate muda wa Mungu. Nibebe vifaa gani, na nijipangeje?

Kijana, Nyegezi

JIBU

Marahaba mwanangu. Beba mwili mmoja wa kamera na lenzi moja fupi, ile inayokulazimu kumsogelea mtu mpaka muweze kusikilizana. Lenzi ndefu iache nyumbani. Inakuruhusu kuiba sura ya mtu aliye mbali bila kumsalimia, nawe unakwenda kusalimia watu. Jifunze "muli bwanji" na jibu lake kabla hujavuka mpaka wa Songwe.

Ibada mbili za kwanza nenda bila kamera, ukae katikati ya watu, uimbe hata kama maneno huyajui. Ukishaanza kupiga picha kanisani, weka kamera chini wakati wa sala na wa Meza ya Bwana, kila mara, bila kujiuliza kama mwanga ni mzuri. Saa sita mchana jua la huko, kama la kwetu, linachimba mashimo meusi chini ya macho. Waite watu barazani au mlangoni, upime mwanga kwenye uso wenyewe na si kwenye anga, la sivyo kamera itawageuza vivuli. Kupima huko kunachukua muda, na muda huo utumie kumwuliza mtu habari za nyumbani.

Kila usiku, kabla ya kulala, pitia picha za siku na umwombee kila aliyemo kwa jina. Usipolijua jina, kesho yake asubuhi rudi ukaulize.